Sakafu Iombe Msamaha

Mimi si mtu wa kusamehe. Nakuambia mapema ili tusipotezeane muda. Wapo watu wakiibiwa husema basi, yaishe, tumwachie Mungu. Mimi hapana. Trent Lubinski nilimkamia tangu siku ile nilipomsikia redioni akiimba wimbo wa bibi yangu, halafu akasema kwa sauti ya unyenyekevu kwamba ameurithi kwa babu wa babu yake, mchimba makaa ya mawe.

Babu gani? Baba yake Trent ni daktari wa meno pale Kettering, kitongoji cha watu wenye nafasi, na babu yake alikuwa daktari wa meno vilevile. Kwenye ukoo ule hakuna aliyewahi kushika sururu. Lakini siku hizi haitwi Trent tena, anaitwa Harlan Teague. Anavaa kofia pana, suruali ya mikanda ya mabegani, na anavuta maneno utadhani kazaliwa kwenye mabonde ya Kentucky. Harlan ni jina la wilaya kule kwenye migodi. Kalitoa kwenye ramani tu, wala usinibishie.

Kentucky ya kweli ilikuwa nyumbani kwetu, upande wa mashariki wa Dayton. Bibi yangu, Icie Slone, alishuka milimani akiwa msichana, akaja Ohio kuunganisha milango ya friji kiwandani, kama nusu ya mtaa wetu. Kila Jumapili kulikuwa na maharage, mkate wa mahindi, na benjo, lile zeze la milimani. Nilipofika miaka kumi na tano nilikuwa nimeichoka benjo hiyo hadi kwenye mifupa. Nikanyoa kichwa nusu, nikanunua gitaa la besi, nikaanzisha bendi ya panki inayoitwa Mbwa Wasio na Chanjo. Dez alipiga ngoma, Trent gitaa. Tulipiga kelele kweli, na nilizipenda kelele zile kuliko chakula.

Miaka ikaenda, magoti yakaanza kulalamika. Polly, rafiki yetu ambaye ni nesi na bado anapaka nywele rangi ya kijani, siku moja alileta kwa Dez santuri ya kantri, kwa utani tu. Tukakaa tayari kucheka. Upande wa kwanza ulipoisha hakuna aliyekuwa anacheka, na Dez alikuwa anajifanya kutafuta kitu chini ya kochi ili tusimwone macho. Tangu hapo ikawa kila Jumapili mchana, sisi wanne, Trent akiwemo, tunashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba yake kusikiliza kantri, nyimbo za milimani, za reli, za makanisa ya mbao, vitu vyote tulivyovikimbia utotoni.

Tulikuwa na sheria zetu, kwa sababu tunajijua. Watu wa panki ni wepesi wa kudharau. Tukiona tu jalada la santuri lenye picha ya mtu na viatu vya kung'aa tumeshamhukumu kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo kila mtu analeta santuri yake ndani ya foronya, foronya zote zinafanana, Dez anavuta moja bila kuchagua na kuiweka kwenye mashine akiwa ametupa mgongo. Simu ni marufuku. Hakuna kusema neno mpaka upande uishe. Baada ya hapo kila mmoja anatoa hukumu: anayeimba ni nani, katoka wapi, na je, unamwamini? Ukishasema umesema, huruhusiwi kufuta. Ndipo mwenye santuri anajitaja.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Miaka mitatu iliyopita nililetea kikundi santuri ndogo ya Bibi. Aliirekodi ujanani nyuma ya duka la samani, kwa pesa yake, nakala chache akauza kanisani na kwenye geti la kiwanda. Haina maandishi, ni karatasi nyeupe tu katikati. Santuri ndogo huzungushwa haraka, kubwa polepole, na mashine ina kiswichi cha kubadilisha. Enzi zetu za panki kiswichi kile hakikuwahi kutoka kwenye haraka, maana santuri ndogo ndizo tulizokuwa nazo. Lakini hizi santuri kubwa za kantri zilikuwa zimetuzoesha vibaya. Dez akaiweka ya Bibi, akasahau kiswichi.

Ikatoka sauti ya mwanamume. Nzito, ya taratibu, kama mtu anayeimba akiwa amelala chali kwenye shimo. Benjo ikawa inadondoka tone moja moja. Mimi niliitambua kwenye mstari wa pili nikabana midomo, sheria ni sheria, na halafu ilikuwa nzuri, nisikudanganye. Polly alilia waziwazi. Wimbo wenyewe ni wa furaha, wa msichana anayehama kijijini. Anasema, "Baba usinililie, naondoka asubuhi, nikifika mjini nitanunua viatu vyekundu, nitacheza mpaka sakafu iombe msamaha." Ila santuri ina mkwaruzo. Sindano ikifika pale inaruka viatu vyote, unasikia tu, "Baba usinililie, naondoka, sakafu iombe msamaha." Kwa sauti ile ya shimoni, ungeapa ni maiti inaaga.

Upande ulipoisha, mchumba wa Trent wakati huo alikuwa nje anapiga honi. Trent akatoka mbio, akachukua simu yake iliyokuwa juu ya kreti ya bia, tulipokuwa tunaziweka zote. Alipofunga mlango ndipo nikaangua kicheko, nikawaambia wenzangu huyo si mwanamume, ni bibi yangu, na Dez ni mpumbavu wa kiswichi. Tukaigeuza, tukairudisha kwenye spidi yake, tukacheza mpaka tukaangusha taa. Trent hakurudi Jumapili iliyofuata, wala zilizofuata.

Kumbe ile simu juu ya kreti ilikuwa inarekodi.

Nilikuwa jikoni kwa Bibi redio ilipoupiga. Nilisikia benjo ikidondoka, nikasikia "Baba usinililie, naondoka, sakafu iombe msamaha," kwa sauti ya Trent iliyojikunja kifuani, nikahisi damu inapanda hadi masikioni. Mtangazaji akasema mstari ule ni fumbo zito kuliko yote yaliyoandikwa mwaka huu. Bibi aliacha kumenya viazi akasikiliza mpaka mwisho.

"Masikini," akasema. "Huyu kafiwa na nani?"

Hakuujua. Wimbo wake mwenyewe, kauona mgeni akampa pole mwizi. Nilitoka nje nikapiga teke pipa la takataka hadi likapinda. Pale pale nikaapa kwamba Trent atalitamka jina la Icie Slone kwa mdomo wake, mbele za watu, kabla Bibi hajafumba macho. Ana miaka themanini na nane. Sikuwa na muda wa kubembelezana.

"Si uweke tu santuri mtandaoni," Dez akaniambia. "Watu wasikie wenyewe."

"Atasema ni wimbo wa zamani, kila mtu aliuimba. Watabishana wiki moja, watasahau. Nataka aseme yeye."

"Nadine, wewe unataka wimbo au unataka kichwa chake?"

"Vyote viwili. Nifungie kwenye mfuko mmoja."

Polly ndiye aliyemwandikia, maana Polly ana ulimi wa asali akitaka. Akamsifu. Akamwambia wimbo wa babu umetutoa machozi kana kwamba ndiyo kwanza tunausikia, na kwamba chumba kile bado kinamkumbuka, je, asingependa kuja na kamera awaonyeshe mashabiki alikotokea? Samaki akameza na ndoano na uzi. Albamu yake mpya ilikuwa inatoka, na watu wake walikuwa wanatafuta kitu cha kuonyesha kwamba kabla ya kofia alikuwa na historia.

Jumapili hiyo kabla sijaenda kwa Dez nilipitia kwa Bibi. Nikaweka tableti yangu mezani, nikaiegemeza kwenye kopo la sukari, nikamfungulia ukurasa wa Harlan Teague.

"Leo usiende kulala mchana," nikamwambia. "Kaa hapa utazame. Nina zawadi yako."

"Zawadi gani ya kutazama?"

"Wewe kaa tu, Bibi."

Akavuta kiti, akavaa miwani. Nikambusu kichwani nikaondoka.

Harlan alifika na binti anayeitwa Kaylin, wa kumshikia kamera na kurusha kila kitu mubashara. Aliinama mlangoni ingawa mlango ni mrefu. Akamkumbatia Dez, akamkumbatia Polly, akaja kwangu.

"Dada Nadine," akasema, akivuta ile *Nadine* mpaka Tennessee. "Bado una hasira na dunia?"

"Na mtu mmoja tu siku hizi."

Akacheka, nami nikacheka. Dez akasema sheria ya simu leo imelegezwa kwa heshima ya mgeni, na mgeni akaieleza kamera ile desturi ya foronya kana kwamba ni yeye aliyeibuni. Tukaketi. Dez akavuta foronya. Siku hiyo zote tatu zilikuwa tupu isipokuwa moja, na kiswichi nilikikagua mwenyewe.

Tulianza na upande wa pili wa santuri. Huo Trent hakuwahi kuusikia. Ni wimbo mfupi wa Bibi kuhusu foleni ya kiwandani, wanawake wanavyopokezana milango ya friji na kumteta msimamizi. Sauti yake ni kali, ya puani, ya msichana asiyeogopa mtu. Harlan alifumba macho na kutikisa kichwa muda wote. Sindano ilipopanda, Dez akasema mgeni anatangulia kuhukumu.

"Nisemeje," Harlan akaanza, akaisogelea kamera. "Ni mwanamke. Wa mjini, msichana wa kiwandani anayeigiza watu wa milimani. Hana kina. Ukiwa umekulia kwenye nyimbo hizi kama mimi, unasikia tofauti mara moja. Huu ni muziki wa kuoshea vyombo. Hakuna maumivu mle, hakuna damu."

"Unamwamini?" nikamuuliza.

"Simwamini hata kidogo."

"Umesema?"

"Nimesema."

Nilisikia utamu mdomoni, sitaficha. Nilikuwa nimeketi nyuma ya bega lake, naye alikuwa anajichimbia mwenyewe, tena kwa madaha, huku watu kwa maelfu wakitazama. Nilikaribia kumshukuru. Nikamwashiria Dez ageuze.

Benjo ikaruka mbio, na sauti ile ile ya puani ikaanza, "Baba usinililie." Nilikuwa namtazama shingo. Ilibadilika rangi kuanzia kwenye kola. Ikafika pale, sindano ikaruka, "naondoka, sakafu iombe msamaha," na Polly akapiga makofi ya kufuata mdundo, taratibu, bila kumwondolea macho. Kaylin alishusha kamera kidogo, akaiinua tena.

Upande ukaisha. Harlan akalamba midomo.

"Ajabu hii," akasema. "Mnaona nyimbo zinavyosafiri? Babu aliuimba mgodini, na huyu mama lazima aliusikia kwa watu, akaugeuza wa kuchezea. Ndivyo ilivyo mila. Wimbo hauna mwenyewe."

Nikubali, alijitahidi. Kama ningeiweka santuri mtandaoni tu, hapo ndipo angeponea. Nikaondoka kwenye kiti changu nikasimama kando ya mashine.

"Huyu mama anasema, naondoka asubuhi, nikifika mjini nitanunua viatu vyekundu, nitacheza mpaka sakafu iombe msamaha," nikamwambia. "Hapa husikii viatu, kwa sababu santuri ina mkwaruzo. Mkwaruzo huo niliuchora mimi nikiwa na miaka minne, kwa uma, na nilichapwa. Sasa niambie, Trent. Unasema babu yako alikufa mgodini kabla mama yangu hajazaliwa. Viatu vyekundu aliviruka kwa nini?"

Nikashika kiswichi nikakisukuma kwenye polepole, nikarudisha sindano mwanzo.

Ikatoka ile sauti ya shimoni, pumzi kwa pumzi ile aliyoiiga, hata kile kikohozi kidogo kabla ya kiitikio, ambacho ni Bibi akicheka, na ambacho huyu bwana alikuwa anakikohoa jukwaani kila siku kama mtu mwenye vumbi la makaa kifuani. Dez alianza kucheka kimyakimya mpaka akashika ukuta.

"Zima," Harlan akamwambia Kaylin. Lafudhi ilikuwa imeondoka yote, alisema kama mtu wa Kettering.

Kaylin hakuzima. Alikuwa anasoma maneno ya watu yanayopanda kwenye kioo, na mdomo wake ulikuwa wazi.

"Hakuna wa kukuokoa humu," nikamwambia Trent. "Mlango ule pale, ukitaka toka. Lakini ukitoka bila kusema, hii sauti itakufuata kila ukumbi utakaoingia. Nitanunua tiketi. Nitakaa mbele na redio kifuani."

"Unataka nini, Nadine?"

"Jina la mwenye wimbo. Na ulivyoupata."

Alivua kofia. Nywele zimepungua katikati, nilifurahi hata hilo. Akaitazama kamera akasema kwamba wimbo ni wa Icie Slone wa Dayton, kwamba aliurekodi kwa siri kwenye chumba hiki, na kwamba hakuna babu.

"Sijasikia," nikasema.

"Ni wa Icie Slone."

"Polly, wewe umesikia?"

"Spika hizi ni mbovu," Polly akasema.

Akarudia mara ya tatu, karibu analia. Ndipo nikampa kofia yake. Jioni ile ile ukumbi aliokuwa azindulie albamu ulifuta onyesho, na kampuni yake ikatangaza kwamba inachunguza, yaani inamtupa. Nilitaka hivyo hasa. Hata leo ukiniamsha usingizini ukaniuliza kama namhurumia, jibu ni lile lile.

Niliendesha gari hadi kwa Bibi nikiimba kwa sauti kubwa. Nilimkuta jikoni, tableti imelazwa kifudifudi juu ya kitambaa cha meza, naye anapanga vikombe kabatini, ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Umeona?" nikamuuliza. "Bibi, umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Kasema jina lako mara tatu!"

"Hapo sikufika." Hakugeuka. "Alipomaliza kusema habari za kuoshea vyombo nilizima."

Nikaichukua tableti, nikatafuta ile sehemu, nikamwekea. Aliketi. Akausikia wimbo wake wa viatu, akajisikia akicheka kabla ya kiitikio, akamsikia Trent akitaja jina, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaitikia kwa kichwa kila mara, kwa adabu, kama mtu anayeitwa hospitalini.

"Sawa," akasema. "Kijana kasema kweli. Ahsante, mama."

"Ameharibikiwa, Bibi. Hana tena kazi. Nimemkomesha."

"Naona."

Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya aproni. Halafu akaniomba nirudishe nyuma, mwanzo kabisa, pale kijana alipokuwa anatoa hukumu. Sikutaka. Akaninyooshea mkono nikampa tableti, akairudisha mwenyewe kwa kidole, polepole, mpaka akaipata. Trent akasema hana kina. Akasema hakuna damu. Bibi hakuwa anamtazama Trent. Aliweka kidole juu ya kioo, nyuma ya bega lake, mahali nilipokuwa nimekaa.

"Wewe ni huyu hapa," akasema. "Unacheka."

"Nilikuwa namcheka yeye, Bibi. Nilijua kinachokuja."

"Ulijua atasema hivi?"

"Nilijua atasema kitu kama hivi. Ndiyo mtego wenyewe ulivyokuwa."

"Na ulijua mimi nimekaa hapa natazama."

Akanirudishia tableti, akainuka, akafungua kabati, akaanza kuvitoa vile vikombe kimoja kimoja na kuviweka mezani.

"Kwenye kioo haionekani unamcheka nani," akasema.